Kuku wa kwanza uani: mbegu gani?

Mtu akishamaliza kujenga Chanika, Bunju au Kibaha, hata kama ni vyumba viwili tu na choo cha nje, kile kipande cha uwanja kinachobaki nyuma ya jiko hakikai kitupu muda mrefu. Wazo la kuku litaingia. Na likishaingia, ataanza kuwauliza watu swali moja: nifuge kuku gani? Majibu hayakosekani. Fundi aliyemjengea atamwambia aweke leya, mayai hayakosi mteja. Shemeji atasema leya ni presha, chukua chotara. Mama mkwe atapiga simu kutoka Singida na kucheka: kuku ni wa kienyeji, hao wengine hata supu yao mpaka uiongezee viungo ndipo ujue ni kuku.

Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja anamsifia kuku anayelingana na maisha yake. Fundi ana mke anayeshinda nyumbani, na duka la chakula cha mifugo liko mtaa wa pili. Mama mkwe ana ekari zake na kuku wanaojitafutia tangu alfajiri. Ndiyo maana huwa naona swali hilo linaanzia mwisho. Kabla ya kuuliza mbegu, uliza kuku hao watakula nini, na nani atakuwepo nyumbani saa nane mchana mwewe akipita. Ukishajibu hayo mawili, mbegu zinazobaki mezani ni chache.

Tuanze na leya, maana ndiye anayewavuta wengi. Leya wa kahawia tunaowaona mitaani, Hy-Line, ISA Brown, Lohmann na wenzao, ni kazi ya makampuni makubwa ya uzalishaji yaliyochuja kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata kuku mwepesi wa mwili anayetaga karibu kila siku. Anaanza kati ya wiki ya 18 na ya 20, na akitunzwa sawasawa huvuka mayai 300 kwa mwaka. Kwa kazi hiyo anadai gramu 110 hadi 120 za chakula kila siku, chenye protini ya kutosha na chokaa ya kutengenezea ganda. Chukua kuku kumi: ni kilo moja na robo hivi kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakata siku 40. Katika siku hizo 40, wakitaga mayai manane kwa siku, unaokota mayai 320, yaani trei kumi na mayai ishirini juu yake. Weka hapo bei ya mfuko ya duka lako na bei ya trei anayolipa muuza chipsi wa mtaa wenu, utapata jibu lako mwenyewe. Wengi wataona inalipa.

Shida inakuja siku mfuko umekwisha na mshahara bado. Kuku wa kienyeji akikosa pumba leo ataruka ukuta akaparue kwa jirani. Leya atasimama pale pale kwenye chombo cha chakula, anakungoja. Siku mbili tatu za njaa zinatosha kumsimamisha kutaga, wengine hunyonyoka manyoya kabisa, na hata chakula kikirudi mayai hayarudi kesho yake. Utangoja wiki kadhaa. Wapo wanaochanganya pumba nyingi ili mfuko uvute siku. Kinachofuata ni mayai yenye ganda laini, na kuku akishalionja yai lililopasuka, ataanza kuyadonoa na mazima. Leya anamfaa mtu mwenye kipato cha uhakika na nidhamu ya duka. Kwa anayeanza na uwanja, makombo ya jikoni na matumaini, si wake.

Broila simweki kwenye mazungumzo haya. Ni kuku wa wiki tano au sita, anaingia na kutoka, na anayemfuga lazima awe na mteja kabla hajawa na kifaranga. Ni biashara halali kabisa, ila huwezi kuiita ufugaji wa uani.

Sasa kienyeji. Jina hilo moja linafunika kuku wengi wasiofanana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewaeleza kwa makundi: kuna Kuchi warefu wa shingo na mapaja, kuna Singamagazi wa upande wa Tabora, Ching'wekwe walio wadogo wa maumbo, kuna wa Mbeya, wa Pemba na wa Unguja. Wafugaji nao wana majina yao kwa sura: kishingo, asiye na manyoya shingoni, kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kama mtu aliyetoka usingizini na nywele zake, bukini, asiye na mkia. Wataalamu wa vinasaba waliopima kuku wa Afrika Mashariki wamekuta asili zaidi ya moja: nyingine inaelekea Bara Hindi, nyingine Asia ya Kusini Mashariki. Majahazi yalikuwa na mizigo mingi kuliko tunavyosimuliwa.

Kati ya hao, ningependa kumtetea kishingo. Watu wa mjini humkwepa kwa sababu ya sura, wengine wanasema anaonekana mgonjwa. Lakini kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kuku huyo ana faida ambayo wenzake hawana. Manyoya yanayokosekana si ya shingo tu. Aliyerithi kishingo kwa baba na kwa mama anaweza kuwa na upungufu wa hadi asilimia 40 hivi ya manyoya ya mwili mzima. Mwezi wa Februari, saa tisa alasiri, wenzake wakiwa wametanua mabawa na kuhema midomo wazi, yeye bado anakula. Kuku anayekula wakati wa joto ndiye anayekua na kutaga. Na kwa kuwa sifa hiyo hurithiwa kirahisi, jogoo mmoja wa kishingo anaibadilisha sura ya banda zima katika kizazi kimoja.

Kuchi nitamwachia mwenye moyo. Ni kuku wa kifahari, jogoo wake mzuri Lamu, Mombasa au Zanzibar anaweza kuuzwa kwa bei ya mbuzi au zaidi, na mwenye naye humwonyesha wageni kabla ya kuwakaribisha chai. Lakini ni mgomvi, anakua taratibu, na mtetea wake hatagi sana. Kumfanya awe kuku wako wa kwanza ni kutafuta majogoo wenye vidonda na kapu tupu la mayai.

Kienyeji wa kawaida hutaga mayai 10 hadi 15, anaatamia, analea, kisha anarudi kutaga. Kwa mwaka mzima ni mayai 40 hadi 60. Ukimlinganisha na leya utamdharau. Lakini tazama anachofanya kati ya utagaji mmoja na mwingine: anaangua bila umeme, anawapa vifaranga joto bila mkaa, anawafundisha kuparua, na mwewe akipita anatoa ule mlio mmoja tu na uwanja mzima unakuwa mtupu. Ukitaka kujua thamani ya kazi hiyo, jaribu kulea vifaranga hamsini wa siku moja kwa taa na chungu cha mkaa, wiki ya kwanza wakitaka nyuzi 32 hadi 35, na TANESCO iamue kupumzika usiku wa manane.

Hasara ya kienyeji haiko kwenye utagaji peke yake. Anatotoa vifaranga kumi, baada ya miezi miwili unahesabu watatu. Mwewe amechukua, kicheche amechukua, mvua imechukua, na kilichobaki kideri kimekimaliza. Anayeona banda limekuwa tupu kwa wiki moja huamini mbegu yake ni dhaifu, akaenda kununua nyingine. Mbegu haikuwa na kosa. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, hakichagui. Kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa, wa kienyeji na wa kisasa huanguka pamoja.

Chanjo yake ipo na si ya kutisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza chanjo ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa bado haitaki jua wala kuachwa kwenye dashibodi ya gari. Ni tone moja kwenye jicho, kifaranga na jogoo wanapata tone lile lile, na inarudiwa kila miezi mitatu. Usiwakimbize kuku mchana. Ngoja jioni wakishapanda kulala, mmoja anashika, mmoja anadondosha. Unasubiri kuku apepese jicho ndipo umwachie, maana asipopepesa tone linaweza kudondokea kifuani na umechanja manyoya. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku ulionao, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba. Kwa hiyo pigianeni simu majirani, mchange, mchanje siku moja. Mtaa unaochanja pamoja una kuku. Mtaa ambao mmoja anachanja na watano wanangoja una mashaka.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze chotara. Majina mawili yamelitawala soko letu: Kuroiler na Sasso. Kuroiler alizaliwa India, katika kampuni ya Keggfarms, miaka ya 1990 ikianza, akikusudiwa mahsusi kwa mwanakijiji mwenye uwanja na makombo. Karibu mwaka 2010 aliingizwa Uganda kwa majaribio, na kutoka huko sifa zake zikavuka mipaka. Sasso ni wa Ufaransa, ametokana na kuku wa rangi wanaofugwa nje kwa ajili ya nyama yenye ladha. Kuanzia mwaka 2014, mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, uliwapima kuku wa namna hii Ethiopia, Nigeria na Tanzania, na hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Kuroiler na Sasso walipelekwa kwa wafugaji wa vijijini wenyewe, si kwenye mabanda ya watafiti tu. Wenzetu wa Kenya wana kienyeji bora wa KALRO kutoka Naivasha, na Kenbro wa kampuni ya Kenchic.

Kinachowafanya chotara wapendwe kinaonekana kwa macho. Ana rangi rangi, kwa hiyo mwewe hamwoni kirahisi na mteja haamini kwamba si kienyeji. Jogoo wake kwa miezi minne hupita kilo mbili akipewa chakula cha kueleweka, wakati wa kienyeji wa umri huo bado anakimbizwa na majogoo wakubwa. Mtetea hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Huparua, hula majani, hula mabaki ya ugali. Mchicha, majani ya mpapai, pumba na vumbi la dagaa vitapunguza mfuko wa dukani. Havitaufuta. Mwili mkubwa unakula sana, na anayemfuga chotara kwa pumba tupu atapata kuku mwenye mifupa ya Kuroiler na mayai ya kienyeji.

Chotara ana mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti. La kwanza, haatamii, au huatamia mara chache mno kiasi kwamba huwezi kumtegemea. La pili, mayai yake hata yakianguliwa hayakurudishii yeye. Chotara ni tunda la wazazi wa koo tofauti waliopangwa. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, watoto wanatawanyika: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja hatagi. Huko si kuibiwa, ni maumbile. Ila ujue kwamba kila kizazi kipya cha Kuroiler halisi kitatoka kwa mwenye kuku wazazi, na utalipia.

Mimi ningeanza hivi: mitetea sita wa chotara na mitetea wawili wa kienyeji wanaojulikana kwa kuatamia, mmoja wao akiwa kishingo kama nampata. Chotara watalisha meza ya chai. Kienyeji watakuwa mashine ya kutotolea isiyohitaji umeme. Mmoja akianza kulalia, unamtafutia mayai kumi au kumi na mawili yaliyorutubishwa kutoka kwa mfugaji unayemwamini, yasiyozidi wiki moja tangu kutagwa, yasiyooshwa. Siku ya saba usiku unayamulika kwa tochi ya simu ndani ya mkono uliokunjwa: lenye mishipa myekundu iliyotawanyika lina kitu, linalong'aa tupu unaliondoa. Siku ya 21 wanatoka. Na kama umebahatika wote wawili kuatamia wiki moja, watotoleshe pamoja, kisha usiku uhamishie vifaranga wote kwa mmoja. Mwenzake atarudi kutaga mapema. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo bila kuhudhuria semina.

Utaona nimesema mitetea, sijasema vifaranga. Kifaranga wa siku moja ni bei ndogo, na ndiyo maana anawanasa wanaoanza. Mwezi wake wa kwanza ndio wenye gharama: joto la usiku na mchana, chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, na katikati hapo kuhara damu kunakuja ukiacha maranda yenye unyevu. Ndui inachanjwa baadaye, wiki ya 6 hadi ya 8. Ukinunua kuku wa wiki nane, yote hayo yamepita mikononi mwa mtu mwingine, na kishungi kimeanza kusema nani jike nani dume. Lipa tofauti ya bei na ulale.

Lakini huyo wa wiki nane anataka macho ya mnunuzi. Kwenye masoko ya kuku kama Shekilango, mazungumzo huwa hivi:

"Karibu mama, hawa Kuroiler halisi, wiki nane hawa."

"Wamechanjwa nini, mwanangu?"

"Zote, mama."

"Zote zipi?"

Hapo kijana atamwangalia mwenzake. Aliyelea kuku mwenyewe atazitaja kwa tarehe bila kubabaika. Aliyewanunua jana kwenye tenga ataanza kusifia manyoya. Usinunue sifa. Mshike kuku. Mweke chini ya kwapa, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiukuta umesimama mkali kama kisu bila nyama pembeni, huyo ameugua au ameshinda njaa. Tazama jicho, liwe kavu na lenye mng'ao, lisilo na povu pembeni. Msogeze sikioni, usikilize pumzi. Mkoromo mdogo unatosha kumrudisha tengani. Geuza nyuma: manyoya ya chini ya mkia yakiwa yameganda kinyesi cheupe au cha kijani, shukuru na uondoke. Magamba ya miguu yawe yamelala, yasiwe yameinuka kwa utitiri. Halafu inua bawa, maana chawa hupenda pale pasipofikiwa na macho ya mnunuzi.

Kuna ujanja mwingine unaohusu vifaranga. Vifaranga wa leya wa kahawia hutambulika jinsi yao siku ileile ya kuanguliwa: majike ni wa kahawia, madume ni weupe au njano. Madume hao hawana kazi kwa mwenye leya, kwa hiyo hutolewa kwa bei ya kutupa, na wapo wachuuzi wanaowatembeza mitaani kama chotara. Watakua, watawika, watakula mfuko baada ya mfuko, na hutaona yai. Ukimwuliza muuzaji jina la kampuni iliyoangua na akakujibu "wanatoka Kibaha", hilo si jina la kampuni.

Ukiwafikisha nyumbani, wale wa kienyeji uliotumiwa kutoka kijijini usiwachanganye na chotara siku hiyo hiyo. Wape wiki mbili pembeni, na chanjo. Kuku aliyesafiri kwenye buti la basi kutoka Singida anaweza kuwa amebeba kitu ambacho yeye mwenyewe amekizoea.

Kuhusu rangi ya yai nitasema kidogo, kwa sababu maneno ni mengi. Ganda jeupe au la kahawia ni la ukoo wa kuku, halibadilishi kilichomo. Kiini cha njano kilichokolea, kile ambacho watu wa mjini wanakilipia zaidi wakiamini ni dalili ya kienyeji, kinatokana na majani na mahindi ya njano. Mpe leya mchicha kila siku, kiini chake kitakolea na mteja atasifu kijiji ambacho kuku huyo hajawahi kukiona.

Jogoo nimemwacha mwisho kwa makusudi. Wengi wanaoanza hununua jogoo kwanza, wakidhani bila yeye hakuna yai. Mtetea hutaga bila jogoo. Anamhitaji pale tu unapotaka vifaranga. Kwa mwaka wa kwanza, nyumba ikiwa imepakana na jirani ukuta kwa ukuta, mwache. Utakapomtaka, mmoja anatosha mitetea wanane hadi kumi. Usimchukue kwa sababu ya mkia. Ulizia mama yake alitaga mangapi na alilea wangapi mpaka wakakua, na umtafute kata nyingine, kwa mtu msiyewahi kubadilishana naye mayai wala vifaranga. Mwaka ukipita na binti zake wakianza kutaga, mpe mfugaji mwingine, chukua wa kwake.